Baba anataka nisimame nithibitishe jambo ninalojua si kweli

Assalaamu alaykum warahmatullah, Ustadhi.

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Nina miaka 21, niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kemia. Baba yangu ni mwalimu wa madrasa, mtu mpole, mpenda elimu, na ni yeye aliyenitia hamu ya sayansi tangu nikiwa mdogo. Ana daftari kubwa la jalada gumu alilolianza kabla sijazaliwa. Aya anaziandika kwa wino mwekundu. Chini yake, kwa wino mweusi, anaandika "Sayansi imethibitisha", halafu anaeleza. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakaa ubavuni pake namsomea vipande vya magazeti, naye ananakili. Akichoka ananipa kalamu. Kurasa nyingine hadi leo zina mwandiko wangu wa kitoto.

Muhula uliopita tulikuwa tunasoma isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito. Mhadhiri alipofika kwenye chuma nikamnong'oneza mwenzangu wa pembeni, Mwislamu kama mimi, kwamba Suratul Hadid, yaani Sura ya Chuma, ni sura ya 57 na chuma kina isotopu ya 57, na kwamba huo ni muujiza. Akafungua jedwali, akaweka kidole. Chuma 56, karibu asilimia 92 ya chuma chote. Chuma 57, asilimia mbili na kidogo. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Dada, kwa nini hii ya asilimia mbili?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nikaanza kuyapekua mengine yaliyomo kwenye daftari la Baba. Neno "siku" kutajwa mara 365. Picha ya ufa wa mwezi. Milima inayotembea kama mawingu. Kila nililolishika likavunjika. Baadaye ikaja mada ya mageuko ya viumbe, na hapo nikaishiwa nguvu kabisa. Bado naswali, Ustadhi. Lakini nasujudu huku najiuliza kama na hili nalo litakuja kuvunjika siku moja.

Kilichonifanya niandike sasa ni hiki. Baada ya wiki tatu Baba atatoa mhadhara kuhusu Qur'ani na sayansi ya leo. Ameniomba nisimame baada yake, mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao, niseme kama mtu wa sayansi kwamba haya yote yamethibitishwa. Ameshawatangazia watu. Ananiambia, "Mwanangu, wewe ndiye shahidi wangu." Nikikubali nitakuwa nimesema uongo juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Nikikataa nitamwaibisha mtu aliyenifundisha kusoma.

Je, kuyatilia shaka haya ni kuitilia shaka Qur'ani? Na Baba nimwambie nini?

Ni mimi binti yako katika Uislamu.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nianze na swali lako la kwanza, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Kilichovunjika mkononi mwako ni wino mweusi. Wino mwekundu hujaugusa, na wala mwenzako wa darasani hakuugusa.

Nakwambia hivi si kwa kukuliwaza. Chukua hiyo aya ya chuma uisome yote, polepole, kama hujawahi kuiona. Ni aya ya 25 ya Suratul Hadid. Mwenyezi Mungu anasema kwamba aliwatuma Mitume wake kwa hoja zilizo wazi, akateremsha pamoja nao Kitabu na mizani ili watu wasimamie uadilifu, na akateremsha chuma, ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Kitabu, mizani, chuma. Hii ni aya ya haki. Inazungumza na mfanyabiashara anayepunja kipimo na mtawala mwenye upanga mkononi. Sasa niambie, katika miaka yote mliyokaa wewe na Baba juu ya ukurasa ule, mlizungumza mara ngapi kuhusu uadilifu? Nahisi jibu ni mara chache sana, na si kwa ubaya. Namba 57 ilikuwa imekaa mbele, ikaziba.

Huo ndio ubishi wangu mkubwa na mambo haya. Wengi huyapinga kwa kuwa hesabu zake si sahihi. Mimi yananiuma zaidi kwa kuwa yanainyang'anya aya maneno yake.

Lakini hesabu nazo tuzitazame, maana wewe ni mtu wa kemia. Chuma kina isotopu nne zilizo thabiti: 54, 56, 57 na 58. Namba yake ya atomu ni 26. Mtu anayeanza na sura ya 57 atachukua ile inayomfaa na kuziacha nyingine. Kama sura ingekuwa ya 56 au ya 26, daftari lingesema hivyo hivyo. Utaambiwa pia kwamba herufi za "al-hadid" kwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, zinajumlisha 57. Ni kweli, zinajumlisha. Basi jaribu "al-fil", tembo: utapata 151, na Suratul Fil ni ya 105. Kanuni inayofanya kazi pale tunapotaka tu, wewe mwenyewe maabara ungeitupa.

Na neno "kuteremsha"? Wanasema limetumika kwa sababu chuma kilitoka kwenye nyota. Ni kweli chuma kilitengenezwa ndani ya nyota kabla dunia haijakuwapo. Lakini hata kalisi ya mifupa yako ilitoka huko, na oksijeni unayoivuta. Tena Qur'ani imetumia neno hilo hilo kwa wanyama wa mifugo katika Suratuz Zumar aya ya 6, wanane, madume na majike, na kwa mavazi katika Suratul A'raf aya ya 26. Wala hatudai kwamba ng'ombe wameanguka kutoka angani. Katika aya hizo kuteremsha ni kujaalia, kuneemesha, kutoa kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini.

Hiyo ya siku 365 nisikae nayo sana. Idadi inategemea umehesabu maumbo gani ya neno na umeacha yapi, na mwaka tunaofungia Ramadhani na kuhijia ni wa mwezi, una siku 354 au 355. Ile picha ya mwezi nayo ni bonde jembamba liitwalo Rima Ariadaeus, lililopigwa picha na wanaanga wa Apollo 10 mwaka 1969. Lina urefu wa kilomita 300 hivi, na mzingo wa mwezi unakaribia kilomita 11,000. Si mshono wa mwezi uliopasuka ukaunganishwa. Sisi tunaoamini kupasuka kwa mwezi tunaamini kwa sababu Suratul Qamar imeutaja na hadithi sahihi zimeusimulia kuwa ni muujiza, na muujiza maana yake ni jambo lililotoka nje ya kawaida. Nani alisema lazima liache kovu? Nayo milima inayopita kama mawingu, soma aya iliyotangulia, Suratun Naml aya ya 87, uone inazungumzia siku gani. Baragumu limepulizwa.

Sasa nikupeleke kwenye moja ambayo ni ngumu zaidi, maana si ya kutunga. Suratudh Dhariyat aya ya 47. Mbingu tumezijenga kwa nguvu, "wa inna lamusi'un". Wengi siku hizi hutafsiri: na hakika Sisi tunazitanua. Kisha wanaleta ulimwengu unaotanuka. Neno "musi'un" linatokana na mzizi ule ule uliotupa Waswahili neno "wasaa". Mtu mwenye wasaa ni mwenye nafasi, mwenye uwezo. Na katika Suratul Baqara aya ya 236, mume anayemwacha mke kabla ya kumwingilia anaambiwa ampe kitu cha kumliwaza, mwenye wasaa kwa kadiri yake na mwenye dhiki kwa kadiri yake. Aliyeitwa mwenye wasaa pale ni "musi'", neno lile lile. Kwa hiyo wafasiri wengi wa zamani walielewa: hakika Sisi ni wenye uwezo mpana. Wapo pia waliosema, tumeifanya mbingu kuwa pana. Kiarabu kinabeba zote. Je, neno hilo linakataza ulimwengu kutanuka? Halikatazi hata kidogo, na mimi nikisoma aya hii usiku wenye nyota nafsi yangu inatetemeka. Lakini kusema kwamba aya imethibitishwa na darubini ni jambo jingine. Hapo nimeichukua maana moja kati ya kadhaa na kuiwekea muhuri wa maabara.

Tena ni muhuri unaobadilika. Mwaka 1917 Einstein mwenyewe alichora ulimwengu uliotulia, usiotanuka. Mwaka 1929 mtaalamu wa nyota, Hubble, akaonyesha kwamba galaksi zinaachana. Mwaka 1948 wakaja wanasayansi wakubwa na nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, ikaheshimiwa hadi miaka ya 1960, mionzi ya kale iliyoenea angani kote ilipogunduliwa na kuidhoofisha. Mwislamu aliyeifunga imani yake kwenye kitabu cha fizikia cha 1917 angebadilisha tafsiri mara ngapi?

Na hili halikutupata sisi peke yetu. Aliyekuwa wa kwanza kuuelezea mwanzo wa ulimwengu kwa namna tunayoiita leo mlipuko mkuu alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia akiielekeza nadharia hiyo kwenye simulizi ya uumbaji, kana kwamba sayansi imeleta ushahidi. Aliyekosa raha ni Lemaître mwenyewe. Hakutaka nadharia yake iwe nguzo ya dini, kwa kuwa alijua nadharia hupimwa na huweza kuanguka. Mtu alikuwa muumini na mwanasayansi kwa pamoja, na kwa ajili ya vyote viwili akataka viachanishwe kidogo.

Sisi wenyewe tulishaonywa na historia yetu. Karne nyingi zilizopita elimu ya nyota iliyotawala ilikuwa ya Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa zama za kale: dunia katikati, na matabaka saba yakiizunguka, moja la mwezi, moja la jua, na matano ya sayari zilizojulikana. Wako wasomi Waislamu walioona ulinganifu ulio wazi kabisa na mbingu saba, wakaongeza Kursi kuwa tabaka la nane la nyota zisizohama, na Arshi kuwa la tisa. Walikuwa watu wenye akili nyingi, na kwa sayansi ya wakati wao walikuwa na haki ya kufurahi. Kisha dunia ikatoka katikati, na mwaka 1781 ikaonekana sayari ya Uranus. Jengo lote likaporomoka. Qur'ani haikuporomoka nalo, kwa sababu haikuwahi kusema mbingu saba ni mwezi na jua na sayari tano. Binadamu ndiye aliyesema, kwa wino wake.

Kwa hiyo kabla hujamhukumu Baba, jua kwamba yumo katika safari ya watu wengi. Waislamu waliokua wakiambiwa kwamba dini yao ni adui wa elimu walitafuta ngao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Tantawi Jawhari wa Misri aliandika tafsiri ndefu ya Qur'ani yenye hata picha za mimea na wanyama. Mwaka 1976 daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, akatoa kitabu kilicholinganisha Biblia, Qur'ani na sayansi, kikatafsiriwa kila kona. Mtu wa nje, daktari, tena Mzungu, amekubali! Fikiria kijana wa madrasa aliyedharauliwa kwa vitabu vyake akisoma hilo. Mimi nilikuwa kijana huyo. Nilisimama mbele ya darasa langu nikasimulia ule ufa wa mwezi kwa sauti ya kutetemeka, nikaona macho ya watoto yanang'aa. Leo baadhi yao ni watu wazima, na najiuliza ni wangapi walifungua jedwali kama wewe, wakakosa wa kumwandikia. Hilo naliomba msamaha kila nikikumbuka.

Tahadhari nayo ni ya zamani. Imam Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, aliwakosoa waliovuka mpaka na kuitwisha Qur'ani kila elimu iliyopo. Na Ghazali, katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alitoa mfano wa kupatwa kwa mwezi. Akasema kwamba dunia kuingia kati ya jua na mwezi ni jambo lililosimama juu ya hesabu isiyo na shaka, na anayedhani kulipinga ni kuitetea dini ameidhuru dini. Kwa nini? Kwa sababu aliyeielewa hesabu hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Binti yangu, mtu huyo alifariki mwaka 1111, na amekueleza wewe na jedwali lako.

Lakini ninayemtegemea zaidi katika jambo hili si Ghazali. Ni Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Ibrahim, hajatimiza miaka miwili. Akafa mikononi mwake, naye akalia. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Wataalamu wa elimu ya nyota wakirudisha hesabu nyuma wanakuta kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hebu simama hapo kidogo. Hawa si maadui, ni watu wake, wanasema kwa mapenzi. Mbingu yenyewe imeingia giza siku ya msiba wa Mtume. Hakuna muujiza ambao ungeandikika vizuri zaidi kwa wino mweusi. Yeye angenyamaza tu, basi. Angeacha watu waamini, na imani yao ingeongezeka, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini alitoka, na huzuni yake ikiwa mbichi, akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Wamepokea Bukhari na Muslim.

Alikataa hoja iliyomfaa, kwa kuwa haikuwa kweli.

Ndiyo maana sikupi ruhusa ya kusimama kuthibitisha. Si kwa sababu ya sayansi. Ni kwa sababu ya sunna.

Kuhusu mageuko ya viumbe, nitasema ninachokiona bila kukuficha. Ushahidi kwamba viumbe vimebadilika na vina nasaba kwa muda mrefu mno ni mwingi, unatoka kwenye mabaki ya kale na kwenye vinasaba, na mwalimu wako hakudanganyi. Kuhusu wanyama na mimea, sioni aya inayosema kila aina iliumbwa peke yake kwa mkupuo. Kuhusu Adam, wanazuoni walio wengi wanasema aliumbwa na Mwenyezi Mungu bila baba wala mama, na mimi naamini hivyo, kama ninavyoamini kwamba Isa alizaliwa bila baba. Sijawahi kumwomba mwanabiolojia anithibitishie hilo la Isa. Wapo Waislamu wasomi wanaokwenda mbali zaidi katika kuzifasiri aya, na wapo wanaokataa mageuko yote. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Lebanoni alishaandika kwamba jambo hili likithibitika kwa dalili ya yakini, aya zinaweza kufasiriwa nalo, na hadi hapo tubaki na maana ya dhahiri. Huna deni la kulimaliza jambo hili kabla ya mtihani. Jibu maswali ya mtihani kama ulivyofundishwa, na hilo jingine lipe miaka.

Sasa sala zako. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Akaulizwa, "Kwani huamini?" Akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Hakukemewa. Na Maswahaba walipomwendea Mtume wakisema wanapata nafsini mwao mambo wanayoona ni makubwa mno kuyatamka, aliwaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Mtu asiyejali haumii. Wewe unaumia, basi endelea kusujudu. Na kumbuka alichofanya Mtume siku ile jua lilipopatwa: hakuishia kuwaambia watu kwamba si kwa ajili ya mwanawe, kana kwamba jambo limekwisha. Aliswali, na ibn Abbas anasema kisimamo chake kilikuwa kama urefu wa kusoma Suratul Baqara. Kujua kwamba jua lina mwendo wake hakukumpunguzia kusimama.

Twende kwa Baba.

Usingoje siku ya mhadhara, na usimwandikie ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, wiki hii, mkiwa wawili. Usiende na orodha ya makosa. Utashawishika kwenda nayo, maana umefanya kazi kubwa ya kupekua, lakini mtu wa umri wake akisomewa orodha hatasikia zaidi ya la kwanza. Mwombe daftari. Fungua ukurasa wa chuma, mwombe akusomee ile aya kwa sauti, yote, kisha umuulize mizani imewekwa pale kwa sababu gani. Mwache azungumze. Baba yako ni mwalimu, atazungumza. Halafu mwonyeshe jedwali, kama mwenzako alivyokuonyesha wewe, kwa kidole na kwa swali.

Kuna maneno Nabii Ibrahim alimwambia baba yake, katika Suratu Maryam aya ya 43: ewe baba yangu, hakika imenifikia elimu isiyokufikia. Sikufananishi Baba na yule, Mwenyezi Mungu apishe mbali. Nakuonyesha ulimi tu. "Yaa abati." Mara nne mfululizo anamwita hivyo, na kila mara anayemwita ni mtu aliyekwishajua kwamba baba yake amekosea.

Kisha mpe kitu cha kusema, maana ameshawatangazia watu na hawezi kusimama mikono mitupu. Mhadhara usiahirishwe. Kichwa kile kile, Qur'ani na sayansi ya leo. Asimulie kupatwa kwa jua siku ya msiba wa Ibrahim. Asimulie mitende ya Madina, Mtume alipotoa rai kuhusu uchavushaji wake, mazao yakapungua, akawaambia ninyi mnajua zaidi mambo ya dunia yenu. Amtaje Ibn al-Nafis, faqihi wa madhehebu ya Shafii na tabibu, aliyefariki mwaka 1288, aliyemkosoa Galen, tabibu mkuu wa Kigiriki wa kale, kwa kueleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita kwenye mapafu kabla ya kufika upande wa kushoto. Hakulitoa hilo katika aya. Alilitoa katika elimu ya mwili, na aya zilimlea awe mtu asiyeogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Na wewe simama baada yake, kama alivyotaka, uwaeleze watoto wale isotopu ni nini. Chuma ni nini, kinatengenezwaje ndani ya nyota, kinafikaje kwenye damu yao. Utakuwa shahidi wake kweli, wa jambo unalolijua.

Akikataa? Huenda akakataa, angalau siku ya kwanza. Usibishane naye mbele ya Mama wala ndugu zako. Mwambie kwa heshima kwamba utahudhuria, utakaa mbele, utampokea mikoba, lakini hutaweza kusimama kuthibitisha. Atakasirika. Mhudumie vile vile kama siku zote, na mwombee. Akikuuliza nani amekuharibu, mwambie ukweli, kwamba ni yeye aliyekufundisha kwamba juu ya Mwenyezi Mungu hasemwi ila haki.

Na daftari lisichanwe hata ukurasa mmoja. Kama Baba ataridhia, chini ya wino mweusi kuna nafasi imebaki. Andikeni pale, wewe na yeye, mlichokuja kukijua baadaye na tarehe yake. Niandikie mkishazungumza, inshallah, nami nitakuwa nawaombea nyote wawili.